Maisha ya James Naismith, Mwalimu Aliyetundika Vikapu

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka kumi ya Chama Kikuu chetu msomaji atakuta hesabu za mazao, majina ya waliotangulia katika kamati, na picha za maghala. Hizo ni habari zetu wenyewe, nazo zimepewa nafasi kubwa kama ilivyo haki yake. Hata hivyo imeonekana vema kurasa chache zitolewe kwa maisha ya mtu wa mbali, ili mwanachama akisha kuzichoka tarakimu apate na kisa cha kumsomea mwanawe. Mtu tuliyemchagua hakupalilia mkorosho wala hakukwea mnazi. Alizaliwa katika nchi ya theluji akafa katika nchi ya ngano. Lakini chombo kilichompa jina duniani ni kikapu cha mkulima, kikapu cha kutilia matunda, na mchezo uliotoka ndani ya kikapu hicho umefika hata katika viwanja vya pwani yetu.

James Naismith alizaliwa tarehe 6 Novemba, 1861, karibu na mji mdogo wa Almonte, katika jimbo la Ontario, nchini Kanada. Mwaka huo ndio ambao Unguja ilitengwa na Oman, na mji wetu wa Bagamoyo ulikuwa ukizidi kujaa misafara ya bara. Wazazi wake walikuwa watu wa Uskoti waliohamia Kanada kutafuta maisha. Baba yake alikwenda kufanya kazi penye mashine ya kupasua mbao, na huko ndiko msiba ulikowakuta. Mwaka wa 1870 homa ya matumbo iliingia, ikamchukua baba, na baada ya majuma machache ikamchukua na mama. James, dada yake na ndugu yake mdogo wakabaki yatima.

Kwa bahati walikuwa na mjomba. Huyu aliitwa Peter Young, mkulima, mtu wa maneno machache na kazi nyingi, na yeye ndiye aliyewalea. Mtoto alijifunza kuendesha farasi, kukata kuni, na kufanya kazi ya shamba katika baridi ambayo sisi wa pwani hatuwezi hata kuiwazia. Yasemwa kwamba mjomba huyo hakuwa na desturi ya kumtoa kijana katika taabu aliyojitia mwenyewe. Alimwacha mpaka aijue njia ya kutoka. Kama malezi ya namna hiyo ni mema au mabaya, wazazi watahukumu wenyewe. Ila maisha ya Naismith yanaonyesha kwamba alipokabidhiwa jambo gumu hakuwa na mazoea ya kumtazama mtu mwingine.

Watoto wa Almonte walikuwa na mchezo wao walioupenda, ulioitwa bata juu ya jabali. Jiwe dogo huwekwa juu ya jiwe kubwa, na mtoto mmoja husimama kulilinda. Wengine husimama mbali wakatupa mawe yao ili kuliangusha lile dogo, na kila aliyetupa lazima akimbilie jiwe lake alirudishe kabla mlinzi hajamgusa. Sasa, kijana atupaye kwa nguvu na kwa mkato jiwe lake huenda mbali sana, akakamatwa njiani. Lakini yule atupaye polepole, jiwe likapanda juu na kushuka kama embe likianguka mtini, huliangusha lile la juu na jiwe lake likabaki karibu. Msomaji alishike neno hili, kwa maana litarudi.

Shule hakuipenda sana. Alipokuwa na umri wa miaka 15 aliiacha akaenda msituni kukata miti, akakaa huko yapata miaka mitano pamoja na watu wazima. Kisha akageuza nia. Alirudi shule akiwa kijana mkubwa, akakaa benchi moja na watoto waliokuwa wadogo kwake kwa miaka mingi, akamaliza masomo, na mwaka wa 1883 akaingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal. Nia yake ilikuwa kuwa kasisi wa Kanisa la Presbiteri.

Huko chuoni alicheza mpira wa mikono, ule wa kukimbia nao na kuangushana, na alicheza vizuri. Jambo hili liliwasumbua watu wa dini, ambao siku hizo waliamini kwamba kiwanja cha michezo ni mahali pa shetani, hasa kwa mtu anayejiandaa kuhubiri. Naye siku moja uwanjani alimsikia mchezaji wa upande wake akitoa matusi, kisha yule mtu akageuka, akamwona Naismith, akaona haya na kumwomba radhi. Naismith hakuwa amemkemea wala kumwambia lolote. Jambo hilo dogo lilimwingia moyoni. Akaona kwamba mtu aweza kuwafundisha vijana tabia njema kwa kukaa nao katika mchezo, labda kuliko kwa kusimama mbele yao mimbarini. Alimaliza masomo yake ya dini mwaka wa 1890, lakini badala ya kutafuta kanisa alifunga safari akaenda Marekani kuwa mwalimu wa mazoezi ya mwili. Dada yake Annie hakufurahi.

Alifikia mji wa Springfield, katika jimbo la Massachusetts, kwenye chuo cha Chama cha Vijana wa Kikristo, yaani Y.M.C.A. Chuo hicho kilifundisha waalimu na makatibu wa kukiongoza chama hicho katika miji mbalimbali. Mwaka wa kwanza alikuwa mwanafunzi, mwaka uliofuata akawa mwalimu, na mkuu wa idara yake alikuwa Dk. Luther Gulick.

Hapo ndipo palipotokea kisa kinachokumbukwa. Katika nchi zile majira ya baridi hufunga watu ndani miezi mingi. Wakati wa joto vijana walicheza nje, lakini theluji ilipoanguka hawakuwa na kazi ila kuingia ukumbini, kupanga mistari, kunyosha mikono, kupiga hatua na kuruka vyombo. Palikuwa na darasa moja la watu 18, watu wazima waliokuwa wakisomea ukatibu, ambao mazoezi hayo yaliwachosha kabisa wakawa wasumbufu. Waalimu wawili walishindwa nao. Dk. Gulick akampa Naismith darasa hilo, akampa na siku 14 za kutafuta mchezo mpya utakaoweza kuchezwa ndani, usioumiza watu, na wenye kupendeza kama michezo ya nje.

Siku zikapita. Alijaribu mpira wa mikono ndani ya ukumbi, watu wakaumizana. Alijaribu mpira wa miguu, madirisha yakavunjika. Alijaribu mchezo wa Kanada wa kuchezea vijiti vyenye wavu, hali ikawa mbaya zaidi. Siku ya 13 ilipofika hakuwa na kitu mkononi, na ingalikuwa rahisi kwake kwenda kwa mkuu wake na kukiri kwamba watu wale hawafundishiki.

Hakwenda. Usiku huo aliketi akaipima michezo yote kama mtu apimavyo mzigo mizanini, akiuliza kila mmoja una nini na umekosa nini. Aliona kwamba michezo mingi ina mpira, na kwamba mpira mkubwa ni mwepesi kushika bila chombo. Akaona pia kwamba watu huangushana kwa sababu yule mwenye mpira anakimbia nao, na hapana njia nyingine ya kumzuia. Basi, akisha kukatazwa kukimbia nao, hapana haja ya kumwangusha. Likabaki jambo la goli. Goli likiwa chini mbele ya mtu, kila mchezaji atapiga kwa nguvu zake zote na mwenziwe ataumia. Hapo ndipo alipokumbuka bata juu ya jabali, na lile jiwe lililotupwa polepole likapanda na kushuka. Goli likiwekwa juu ya vichwa vya watu na mdomo wake ukielekea mbinguni, nguvu hazitafaa kitu. Patahitajika shabaha na utulivu. Kwa maoni yetu uvumbuzi wote ulikuwa katika fikira hiyo moja, na yaliyofuata yalikuwa kazi ya nyundo na misumari.

Asubuhi alimwendea mtunza jengo akamwomba masanduku mawili ya kadiri ya inchi 18. Yule bwana hakuwa na masanduku, ila alikuwa na vikapu viwili vya mafyulisi katika ghala yake, yale matunda yanayostawi kwetu katika milima ya Lushoto. Naismith akavichukua, akavipigilia misumari penye ukingo wa roshani, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Kimo cha ukingo ule kilikuwa futi 10. Hakikupimwa kwa hesabu yoyote ya elimu. Ndivyo jengo lilivyojengwa. Na mpaka leo, duniani kote, kikapu cha mchezo huu huwekwa futi 10 kutoka chini, kwa sababu tu fundi mmoja wa Springfield aliijenga roshani yake hapo. Mwanachama wa Kaole au Mlingotini akitazama pakacha la nazi ataona kwamba chombo chetu nacho kingefaa, ingawa tunaogopa kisingeyastahimili majuma mawili.

Kisha akaandika sheria, zikawa 13, katibu wa ofisi akazipiga kwa mashine, na karatasi ikabandikwa ukutani. Mpira waweza kutupwa upande wowote kwa mkono mmoja au miwili. Hapana ruhusa kuupiga kwa ngumi. Mchezaji asikimbie nao, autupe kutoka pale alipoudakia. Kusukumana kwa bega, kushikana, kutegana miguu na kupigana ni kosa. Anayerudia kosa atatoka mpaka goli jingine lifungwe, na aliyekusudia kuumiza atatoka mchezo mzima wala hapati wa kumrithi. Upande ukifanya makosa matatu mfululizo, wapinzani wanahesabiwa goli. Mchezo ni wa vipindi viwili vya dakika 15, na mapumziko ya dakika 5 katikati. Waamuzi ni wawili, mmoja wa kuwatazama watu na mmoja wa kuutazama mpira. Wale waliopata kukaa katika mkutano mkuu wa chama cha msingi siku ya kugawa malipo wataona mara moja kwamba mtu huyu alijua tabia ya wanadamu, na huenda wakatamani sheria ile ya kutoka nje mpaka goli jingine lifungwe iingizwe katika katiba zetu.

Mchezo wa kwanza ulichezwa mwezi wa Desemba, 1891, mwaka ule ule ambao serikali ya Kijerumani ilihamisha makao yake kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Tarehe inayotajwa sana ni 21 Desemba. Watu 18 waligawanywa tisa kwa tisa, wakatumia mpira wa miguu wa kawaida. Waliingia wakiwa na nyuso za kukunjamana, wakidhani wameletewa upuuzi mwingine. Mchezo ulipokwisha lilikuwa limefungwa goli moja tu, lililotupwa kutoka mbali na mwanafunzi aitwaye William Chase, na ikabidi mtu apande kwenda kuutoa mpira ndani ya kikapu. Lakini hawakutaka kuondoka ukumbini. Siku chache baadaye watu walikuwa wakisimama juu ya roshani kutazama, na waalimu wa kike wa shule ya jirani waliopita karibu walisikia kelele, wakaingia, wakaomba nao wafundishwe. Miongoni mwao alikuwamo Bibi Maude Sherman, ambaye Naismith alimwoa mwaka wa 1894. Walijaliwa watoto watano.

Palikuwa na jambo la jina. Mwanafunzi mmoja, Frank Mahan, alitaka uitwe mpira wa Naismith. Mwalimu akacheka, akasema jina kama hilo lingeua mchezo wowote. Basi Mahan akashauri uitwe kwa vile vikapu, na hivyo ukawa mpira wa kikapu. Sheria zikachapwa katika gazeti la chuo Januari, 1892, bure, kwa kila atakayezitaka. Naismith hakuuandikisha mchezo kama mali yake, na hapana ada iliyomrudia kutoka katika mpira mmoja au kikapu kimoja. Wanafunzi wa Springfield walipomaliza masomo waliondoka na mchezo huo mifukoni mwao, wakaupeleka Ufaransa, Uchina, Uhindi na Ujapani, kabla karne haijakwisha.

Yeye mwenyewe hakukaa kuufuata. Mwaka wa 1895 alihamia Denver, katika jimbo la Colorado, akafanya kazi ya Y.M.C.A. mchana na kusoma udaktari, akapata shahada yake mwaka wa 1898. Wakati huo Chuo Kikuu cha Kansas, mjini Lawrence, kilikuwa kikitafuta mtu wa kuongoza sala za asubuhi za wanafunzi na kusimamia mazoezi ya mwili. Akaenda, akakaa huko mpaka mwisho wa maisha yake.

Chuo kilipopata mtu aliyeuvumbua mchezo, wanafunzi walitaka timu. Akaiunda. Mchezo wa kwanza walicheza na timu ya Y.M.C.A. ya Kansas City, Februari, 1899, wakashindwa 16 kwa 5. Hivi ndivyo alivyokuwa mmoja wa waalimu wa kwanza wa mpira wa kikapu katika vyuo vikuu. Lakini msomaji asitazamie habari za ushindi. Katika miaka yake ya kuiongoza timu, mpaka mwaka wa 1907, Kansas ilishinda michezo 55 ikashindwa 60. Chuo hicho baadaye kimekuwa miongoni mwa vyuo vyenye sifa kubwa kabisa Marekani katika mchezo huu, na waalimu wote waliofuata walishinda zaidi ya walivyoshindwa. Aliyeshindwa zaidi ya kushinda ni mmoja tu, naye ndiye aliyeuvumba mchezo wenyewe.

Wengine hulisimulia jambo hili kama kichekesho. Sisi twaona lafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Naismith hakupenda kupanga mbinu wala kupiga kelele pembeni mwa kiwanja. Mara nyingine katika michezo ya timu yake mwenyewe yeye ndiye aliyeshika filimbi kama mwamuzi, na hatujasikia kwamba filimbi ile iliwapendelea vijana wake. Aliamini kwamba mpira wa kikapu ni wa kuchezwa na watu wengi, si wa kufundishwa watu wachache ili wawashinde wengine. Alikuwa na mwanafunzi mmoja hodari, Forrest Allen, aliyeitwa Phog, ambaye aliona kinyume. Kwa Allen, timu yaweza kufundishwa kama askari wanavyofundishwa, na kushinda ni kazi yenye heshima yake. Allen alipopata kazi ya kufundisha timu katika chuo kingine, Naismith alimwambia kwa mzaha kwamba mchezo huu haufundishwi. Mwaka wa 1907 Allen akakabidhiwa timu ya Kansas, na kwa jumla akaiongoza karibu miaka 40.

Katika mabishano hayo dunia ilimfuata Allen. Viwanja vikubwa vikajengwa, viingilio vikatozwa, majina ya waalimu wa timu yakaandikwa katika magazeti. Naismith akabaki na chaki. Palikuwa na watu waliodhani ameshushwa, naye angeweza kudai sehemu yake. Walakini kwa miaka 30 iliyofuata alikuwa mwalimu tu: aliwafundisha vijana habari za viungo vya mwili na namna vinavyofanya kazi, aliwafundisha kupigana kwa vitara vya michezo, aliwapima urefu, uzito na upana wa kifua walipoingia chuoni na tena baadaye ili wajue wamekua kiasi gani, na aliwatibu walipoumia. Siku za Jumapili alihubiri katika makanisa madogo ya vijijini palipokosekana kasisi. Tukizilinganisha miaka 9 ya timu na miaka 30 ya darasa, hatuna shaka yeye mwenyewe angelitaja la pili kwanza.

Vita vilimtoa Lawrence mara mbili. Mwaka wa 1916, akiwa na miaka 54, alikwenda na askari wa Kansas kwenye mpaka wa Mexico akiwa kasisi wao. Na kuanzia mwaka wa 1917 alikaa Ufaransa kwa muda wa miezi 19 katika kazi ya Y.M.C.A., akiwaangalia askari afya na mwenendo wao. Mwaka wa 1925 ndipo alipoandikishwa kuwa raia wa Marekani.

Mwaka wa 1933 aliingia chuoni kijana mmoja mweusi aitwaye John McLendon, aliyetaka kuwa mwalimu wa mpira wa kikapu. Hapa inatupasa kusema wazi. Katika Chuo Kikuu cha Kansas siku hizo mwanafunzi mweusi aliweza kusoma, lakini hakuruhusiwa kuingia katika timu ya chuo, na McLendon alipoingia katika bwawa la kuogelea walitoa maji yote. Baba yake, alipomleta, alimwambia amtafute Naismith. Mzee alimpokea, akawa mshauri wake wa masomo, na ilipofika zamu ya kwenda kufundisha kwa mazoezi, jambo ambalo wengine hawakutaka mtu mweusi apewe, alimtafutia nafasi katika shule ya mjini. Hakuweza kumwingiza katika timu, na hatuwezi kusema kwamba alilivunja katazo lile. Ila alimfundisha kila alichokijua, na kijana alipomaliza mwaka wa 1936 alikuwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya elimu ya mazoezi ya mwili katika chuo hicho.

Yaliyotoka kwa McLendon ni makubwa. Akiwa mwalimu wa timu ya chuo cha watu weusi huko North Carolina, mwaka wa 1944 aliwachezesha vijana wake kwa siri, milango imefungwa, dhidi ya timu ya wazungu ya shule ya udaktari ya Duke, kwa sababu sheria za ubaguzi zilikataza michezo ya namna hiyo. Vijana wake walishinda 88 kwa 44. Na tangu mwaka wa 1957 hadi 1959 timu yake ya Tennessee ilichukua ubingwa wa mashindano ya taifa ya vyuo vidogo mara tatu mfululizo, jambo ambalo hapana mwalimu wa chuo aliyekuwa amelifanya kabla yake. Tukihesabu ushindi wa Naismith, kitabu cha timu kinaonyesha 55. Lakini hesabu ya mwalimu haiandikwi katika kitabu cha timu.

Furaha yake kubwa ilikuja uzeeni. Mpira wa kikapu ulipokubaliwa katika Michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka wa 1936, waalimu wa timu za Marekani walichanga senti kutoka katika viingilio vya michezo ili mzee apate nauli, kwa maana mshahara wake haukutosha safari hiyo. Mkewe alikuwa mgonjwa akabaki nyumbani. Naismith, mwenye umri wa miaka 74, alisimama katikati ya kiwanja akaurusha juu mpira wa mchezo wa kwanza, Estonia na Ufaransa. Timu za mataifa 21 zilicheza, na kutoka bara letu la Afrika walikuwako Wamisri. Mchezo wa mwisho ulichezwa nje, mvua ikinyesha, juu ya udongo uliogeuka kuwa tope. Marekani iliishinda Kanada 19 kwa 8, yaani nchi aliyoishi iliishinda nchi aliyozaliwa. Mzee aliwakabidhi washindi nishani zao.

Mwaka wa 1937 alistaafu, na mwaka huo huo Bibi Maude akafariki. Mwaka wa 1939 alioa tena, lakini hakukaa sana. Tarehe 28 Novemba, 1939, alifariki kwa maradhi ya mshipa wa damu kichwani, akiwa na miaka 78, akazikwa Lawrence. Kitabu alichoandika juu ya asili ya mchezo wake kilitolewa mwaka wa 1941, yeye akiwa kaburini. Mwaka wa 1959 jina lake liliwekwa la kwanza katika nyumba ya kumbukumbu ya mchezo huo kule Springfield, nayo nyumba ikaitwa kwa jina lake. John McLendon aliingizwa humo mwaka wa 1979, akaingizwa mara ya pili mwaka wa 2016, miaka 17 baada ya kufa kwake.

Kwetu, watu wa mwambao walilisikia jina la mchezo huu kwa nguvu mwaka wa 2009, wakati kijana wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, alipochaguliwa wa pili kati ya vijana wote walioingia katika ligi kuu ya kulipwa ya Marekani. Naye alikuwa ameanza kuucheza akiwa na umri wa miaka 15 hivi. Mwaka wa 2021 Afrika ikaanzisha ligi yake, na michezo yake ya kwanza ikachezwa Kigali.

Kuhusu ile karatasi ya sheria 13 iliyobandikwa ukutani Desemba, 1891, ilihifadhiwa na jamaa za Naismith kwa miaka mingi. Mwaka wa 2010 ilipelekwa mnadani New York. Mtu mmoja aliyesoma Kansas aliinunua kwa zaidi ya dola milioni 4, kisha akaitoa kwa chuo, na sasa imewekwa katika jengo lililo karibu na ukumbi unaoitwa kwa jina la Allen, ili wanafunzi wapitao waisome.